Laringoskopu za Video: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Watoa Usingizi Mkoani Tanga

Majibu haya ni kwa wenzetu wanaolaza wagonjwa usingizi katika hospitali za mkoa wetu, mjini Tanga na huko Pangani, Muheza, Korogwe, Handeni na Lushoto. Ni pia kwa waganga wafawidhi na maofisa ugavi wanaotakiwa kuamua kifaa kipi kinunuliwe. Laringoskopu ni kifaa kinachoingizwa mdomoni ili kuona nyuzi za sauti, na "bledi" ni ile sehemu yake bapa inayoingia mdomoni. Tunaposema "tyubu" tunakusudia mrija unaopita kati ya nyuzi za sauti hadi kwenye trakea, yaani bomba kuu la hewa. "Umio" ni njia ya chakula, mahali ambapo tyubu hiyo haitakiwi kabisa kuingia.

Inatofautianaje na laringoskopu tuliyoizoea?

Ile ya kawaida, yenye bledi aliyoibuni Robert Macintosh kule Oxford mwaka 1943, inadai mstari ulionyooka. Jicho lako, meno ya juu, shina la ulimi na nyuzi za sauti vyote vikae kwenye mstari mmoja. Ndiyo maana tunakunjua shingo na kuinua taya kwa nguvu. Kwenye laringoskopu ya video, kamera na taa vimekaa karibu na ncha ya bledi, sentimita chache tu kutoka kwenye zoloto, yaani kisanduku cha sauti. Ni kama jicho lako limeingia mdomoni, kwa hiyo huhitaji tena kunyoosha njia ili uone. Lakini tyubu haikupewa jicho. Yenyewe bado inatakiwa kukata kona ile ile, na karibu kila tatizo tutakalolieleza hapa chini linaanzia hapo.

Kuna aina ngapi? Wauzaji wanatutajia majina mengi mpaka tunachanganyikiwa.

Achana na majina kwanza, tazama umbo la bledi. Kuna aina tatu.

Ya kwanza ni bledi ya umbo la Macintosh. C-MAC ya kampuni ya Karl Storz ya Ujerumani na McGrath MAC, ambayo asili yake ni Uskoti, ndizo zinazojulikana zaidi. Unaiingiza kama ulivyofundishwa: kulia mwa mdomo, unasukuma ulimi kushoto, ncha inatua kwenye valekula, kile kijibonde kati ya shina la ulimi na kidakatonge, kifuniko cha njia ya hewa. Unaweza kutazama skrini, na unaweza pia kutazama moja kwa moja mdomoni. Skrini ikizimika katikati ya kazi, bado una laringoskopu mkononi.

Ya pili ni bledi ya mkunjo mkali. GlideScope, iliyobuniwa na daktari wa upasuaji John Pacey wa Kanada na kuingia sokoni mwaka 2001, ndiyo iliyoitangaza aina hii. Mkunjo wake ni wa takriban nyuzi 60. C-MAC nayo ina bledi ya namna hiyo iitwayo D-Blade, na McGrath ina X3. Hii huingizwa katikati ya ulimi bila kuusukuma pembeni. Inaona pembeni mwa kona ambayo jicho haliwezi kufika, lakini ukitazama mdomoni bila skrini huoni chochote. Pia haifanyi kazi bila staileti, waya mgumu unaowekwa ndani ya tyubu kuipa umbo.

Ya tatu ni bledi yenye mfereji, kama Airtraq, Pentax AWS na King Vision ya mfereji. Tyubu hupachikwa kwenye mfereji kabla ya kuanza, na mfereji wenyewe ndio unaoielekeza, hivyo staileti haihitajiki. Hasara yake ni unene. Airtraq ya bluu, ya mtu mzima wa kawaida, inataka mdomo ufunguke angalau milimita 18 na inapokea tyubu za kipenyo cha ndani cha milimita 7.0 hadi 8.5. Ya kijani inataka milimita 16 na tyubu za 6.0 hadi 7.5. Mgonjwa ambaye taya limebana hatakuruhusu.

Basi ipi ni bora kuliko zote?

Tukitakiwa kuishauri hospitali ya wilaya inayoweza kununua moja tu, tunasema hivi: nunua yenye mpini unaopokea bledi za umbo la Macintosh na bledi ya mkunjo mkali pia, na uanzie na Macintosh. Hatusemi hivyo kwa sababu ya picha nzuri. Siku hizi karibu zote zina picha nzuri. Tunasema hivyo kwa sababu fundi wa Macintosh tayari unaye, umeme utakatika, na wagonjwa wengi hawahitaji mkunjo mkali.

Ushahidi nao uko wazi kiasi. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2022 yalikusanya tafiti 222 zenye washiriki zaidi ya 26,000, wote watu wazima. Aina zote tatu zilipunguza idadi ya mara ambazo tyubu inashindikana kabisa, zikilinganishwa na laringoskopu ya kawaida. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2023, kwa watu wazima 1,417 waliokuwa mahututi, ulionyesha tyubu ikiingia kwa jaribio la kwanza kwa 85.1% walipotumia video na 70.8% walipotumia ya kawaida. Soma na upande wa pili wa utafiti huo huo: madhara makubwa, kama oksijeni kuporomoka au presha kuanguka vibaya, hayakupungua. Video inakusaidia kupitisha tyubu. Haikuwekei oksijeni, haikupandishii presha, wala haikuandalii dawa.

Ninaziona nyuzi za sauti vizuri kabisa, lakini tyubu haipiti. Ninakosea wapi?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, hasa na waliohamia kwenye bledi ya mkunjo mkali. Mara nyingi kosa ni kwamba unaona vizuri *kupita kiasi*.

Bledi ikisukumwa ndani mpaka zoloto ijaze skrini nzima, mambo mawili hutokea. Zoloto yenyewe huinuliwa juu na kona huzidi kuwa kali. Kisha nafasi iliyobaki kati ya kamera na nyuzi za sauti huwa ndogo mno, tyubu haina pa kugeukia. Irudishe bledi nyuma sentimita moja au mbili. Zoloto iwe kwenye nusu ya juu ya skrini, na uridhike kuiona nusu tu. Picha inakuwa mbaya kidogo, tyubu inapita.

Baada ya hapo fuata hatua nne za macho kwa mpangilio:

1. Tazama mdomoni unapoingiza bledi, mpaka ncha ipite ulimi.
2. Tazama skrini, tafuta kidakatonge, kisha nyuzi za sauti.
3. Rudi mdomoni unapoingiza tyubu. Ipitishe ikilala sambamba na bledi, ikiigusa kabisa, mpaka ncha yake ipotee machoni pako.
4. Rudi kwenye skrini, ncha itakuwa imeshatokea pembeni, na uipeleke.

Wengi huruka hatua ya 3. Wanakodolea skrini huku mkono wa kulia ukisukuma tyubu gizani. Kati ya meno na mahali kamera inapoanza kuona kuna sentimita kadhaa ambazo hakuna anayezitazama.

Ncha imefika kati ya nyuzi za sauti, halafu imekwama? Hapo ncha imegonga ukuta wa mbele wa trakea, kwa sababu staileti bado inaielekeza juu. Usisukume. Mwambie msaidizi avute staileti sentimita 3 hadi 5 tu, huku wewe umeishikilia tyubu isisogee, kisha sukuma taratibu. Ikikataa bado, izungushe tyubu kuelekea kulia, kama mwendo wa saa, hadi robo duara. Ncha iliyokatwa mshazari itageuka na kuteleza chini.

Kwa bledi yenye mfereji dawa ni tofauti. Tyubu ikigonga upande wa kulia wa zoloto, usihangaike na tyubu. Sogeza kifaa chenyewe: kirudishe nyuma kidogo, kiinue wima, halafu jaribu tena.

Staileti au buji?

Kwa bledi ya mkunjo mkali, staileti ngumu iliyokunjwa kufuata mkunjo wa bledi ile ile. Iweke kando ya bledi uzilinganishe kabla hujamlaza mgonjwa. Zikiachana, zitaachana na mdomoni. Ncha ya staileti isitokeze nje ya tyubu hata kidogo. Paka mafuta ya kulainisha ya maji, maana staileti kavu hung'ang'ania na kuing'oa tyubu yote ukiivuta.

Kwa bledi ya Macintosh ya video, buji, kile kijiti chembamba kirefu kinachotangulia na tyubu kupitishwa juu yake, ni rafiki mkubwa, hasa unapoona kidakatonge na upenyo mdogo tu chini yake. Kwenye mkunjo mkali buji ya kawaida inanyooka kabla haijafika, kwa hiyo usiitegemee.

Skrini inaingia ukungu. Tufanyeje?

Bledi imetoka kwenye chumba chenye kiyoyozi inaingia kwenye mdomo wenye joto na unyevu, lazima iingie ukungu. Washa kifaa mapema, kabla hujatoa dawa. Vifaa vingi hupasha lenzi joto kwa taa yake, na Airtraq ni ya kuwashwa angalau nusu dakika kabla ya kuingizwa. Ikiwa kifaa hakina kipasha joto, tumbukiza ncha kwenye maji safi ya uvuguvugu kwa muda mfupi, uifute kwa gozi laini. Usitumie spiriti juu ya lenzi mara kwa mara, inapausha plastiki.

Na damu au matapishi?

Hapa ndipo video inapoweza kukuacha. Tone moja la damu juu ya lenzi ni sawa na kufumba macho. Saksheni itangulie, bledi ifuate: ingiza mpira mnene wa kunyonya kwanza, safisha, kisha pitisha bledi *juu* ya mpira huo bila kugusa ukuta wa nyuma wa koo. Koo likiendelea kujaa, ubakize mpira huo upande wa kushoto wa mdomo ukiendelea kunyonya wakati unapitisha tyubu. Kwa mgonjwa anayetapika au kutoka damu nyingi tunapendelea umbo la Macintosh kuliko mengine, kwa sababu lenzi ikichafuka bado una jicho lako.

Kama nimeona kwenye skrini tyubu ikipita kati ya nyuzi za sauti, bado nahitaji kupima kaboni dioksidi?

Ndiyo. Kila mgonjwa, kila mara.

Watu husema "nimeiona kwa macho yangu" na tyubu ikawa imeteleza walipokuwa wanatoa staileti, au wakati wa kufunga plasta. Uthibitisho ni kapnografia: mawimbi ya kaboni dioksidi yanayopanda na kushuka kwa pumzi zisizopungua saba, kilele kikiwa juu ya mstari wa chini kwa milimita 7.5 za zebaki au zaidi. Hakuna wimbi? Chukulia kwamba tyubu iko umioni mpaka uthibitishe vinginevyo, hata kama moyo umesimama, kwa sababu ukandamizaji mzuri wa kifua huleta wimbi, japo dogo. Kusikiliza kifua na kuona mvuke ndani ya tyubu ni nyongeza tu. Vyote viwili vimeshadanganya wengi.

Hospitali yenye fedha za kifaa kimoja tu kati ya kapnografia na laringoskopu ya video inunue kapnografia kwanza. Tunalisema hilo bila kusita.

Kuna majeraha gani ya kuangalia?

Kutobolewa kwa kaakaa laini au nguzo ya tonsili ya kulia, na staileti ngumu ndiyo inayotoboa. Hutokea kwenye zile sentimita ambazo kamera haizioni. Ukihisi tyubu imegota kabla haijaonekana kwenye skrini, rudi utazame mdomoni. Ukimaliza, washa taa uangalie upande wa kulia wa koo. Shimo lililogunduliwa mezani hushughulikiwa pale pale; likiachwa mpaka siku ya tatu, mgonjwa anarudi na usaha shingoni.

Wagonjwa wapi hasa tuwawekee video tangu jaribio la kwanza?

Kwa maoni yetu, wote, kama kifaa kipo na kiko safi. Lakini kikiwa kimoja na theata ni mbili, kiwahi kwa hawa.

Mama wa upasuaji wa kujifungua anayehitaji usingizi kamili. Koo lake limevimba, oksijeni yake inaisha haraka, na matiti yanazuia mpini mrefu usiingie. Mwinue kwa mashuka mpaka tundu la sikio lilingane na juu ya kidari. Andaa tyubu ya 6.5 au 7.0, na ikiwezekana mpini mfupi.

Majeruhi wa bodaboda aliyefungwa kola. Fungua sehemu ya mbele ya kola, mtu mmoja ashike kichwa kwa mikono miwili bila kukiinua, ndipo uingize bledi. Mkunjo mkali unafaa hapa kwa kuwa hauhitaji shingo ikunjuliwe.

Mwenye rovu kubwa, ila kwa sharti. Video inakuonyesha zoloto, haikuonyeshi trakea iliyobanwa chini yake. Piga picha ya eksirei ya shingo na kifua kwanza. Kama anashindwa kulala chali kwa kukosa pumzi, usimlaze usingizi kwa kutegemea skrini. Zungumza mapema na hospitali ya rufaa.

Watoto wanahitaji bledi zao. Bledi ya mtu mzima ya namba 3 haiwi ya mtoto kwa kuingizwa nusu. Uliza bledi ndogo zipo kabla ya kununua mpini, kwa sababu kuna mipini isiyo na bledi za watoto wachanga kabisa.

Umeme, betri na hewa ya bahari vinaathiri vipi?

Sana. Tanga chumvi iko hewani, na unyevu haupungui. Vituo vya shaba vya betri vinaota kutu ya kijani, lenzi inaota kuvu yenye umbo la buibui ambayo haifutiki. Hifadhi kifaa kikiwa kikavu kabisa ndani ya boksi linalobana, na vifuko vya silika jeli ambavyo unavibadilisha vinapogeuka rangi. Ukipangusa kifaa ukakifungia kikiwa na unyevu, umekifungia na kuvu humo humo.

Jua pia betri yako ni ya namna gani. King Vision inatumia betri tatu ndogo za AAA, zile za rimoti, ambazo hata duka la mtaa wa Ngamiani linazo. Zitoe kifaa kikikaa bila kazi, zisije zikavuja ndani. McGrath MAC ina betri yake maalumu ya takriban dakika 250, na skrini inakuhesabia dakika zilizobaki. Ikiisha haichajiwi, inanunuliwa nyingine, basi kuwe na ya akiba kabla dakika hazijashuka chini ya 30. Za kuchaji, ambazo ni nyingi miongoni mwa zinazotoka China, zichajiwe kwa siku maalumu ya wiki na jina la mwenye zamu liandikwe ukutani. Chaja isiachwe juani dirishani.

Laringoskopu ya kawaida yenye taa inayowaka ikae mezani kila siku, video iwepo isiwepo.

Inasafishwaje?

Bledi ya kutupwa hutupwa. Tunajua zinaoshwa na kurudiwa, na tunaelewa sababu, lakini plastiki ile ikioshwa inapata nyufa ndogo, inapoteza uwazi mbele ya kamera, na imewahi kuvunjika ndani ya mdomo. Kama bajeti haihimili bledi za kutupwa, nunua kifaa cha bledi za chuma za kurudiwa tangu mwanzo.

Za kurudiwa: futa uchafu papo hapo kabla haujakauka, osha kwa sabuni ya vimeng'enya na brashi laini, suuza, kisha loweka kwenye dawa ya kuua vijidudu ya kiwango cha juu inayokubaliwa na mtengenezaji. Ikiwa ni ortho-phthalaldehaidi (OPA) ya 0.55%, loweka dakika 12, kisha suuza mara tatu kwa maji safi. Klorini inakula chuma na kupausha lenzi. Otoklevu ya mvuke inaua elektroniki, isipokuwa mtengenezaji ameandika waziwazi kwamba bledi ile inaihimili. Mpini wenye skrini hupanguswa tu. Kabla ya kutumbukiza chochote, hakikisha kifuniko cha tundu la waya kimebana; maji yakiingia humo, kifaa hakirudi.

Tumepata bei ya chini ajabu. Tuulize nini kabla ya kusaini?

Bei ya mpini ni mlango tu. Piga hesabu ya bledi. Theata inayoweka tyubu 40 kwa mwezi inahitaji bledi 480 za kutupwa kwa mwaka. Zidisha kwa bei ya bledi moja uone. Mara nyingi kifaa "ghali" chenye bledi za chuma ndicho rahisi kabla mwaka wa pili haujaisha.

Uliza kama kimesajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Uliza bledi za akiba ziko ghala lipi hapa nchini, zinafika kwa siku ngapi, na nani anatengeneza kikiharibika. Dai staileti yake ndani ya kifurushi kile kile kama bledi ni ya mkunjo mkali. Kisha kijaribuni theata kwa wiki mbili kwenye mdoli na mbele ya dirisha lenye mwanga, kwa sababu kuna skrini ambazo mchana hazionekani. Muuzaji asiwe wa waja leo waondoka leo.

Kamera ya bomba ya kuchomeka kwenye simu, ikifungwa kwa plasta kwenye bledi ya Macintosh, haitoshi?

Kwa kufundishia kwenye mdoli inatosha, na inafundisha vizuri. Kwa mgonjwa hatuishauri. Plasta inalegea kwa mate, kofia ya lenzi inaweza kung'oka na kudondokea kwenye njia ya hewa, waya hauwezi kusafishwa ipasavyo, na picha kwenye simu nyingi huchelewa kidogo, kwa hiyo mkono unakuwa umeshafika kabla ya jicho.

Jaribio likishindikana tujaribu mara ngapi?

Tatu, na la nne ni la mtu mwenye uzoefu zaidi tu. Kila jaribio libadilishe kitu: mkao wa kichwa, bledi, tyubu ndogo zaidi, mtu. Oksijeni ikishuka chini ya 93%, toka, pumulisha kwa barakoa na ambubegi. Isipopanda, weka LMA, barakoa inayokaa kooni juu ya zoloto. Ikikataa nayo, kata shingo mbele kufungua njia ya hewa: kisu namba 10, buji, tyubu ya 6.0. Vitu hivyo vitatu vikae kwenye mfuko mmoja uliobandikwa jina, juu ya mashine ya usingizi, si kabatini.

Mtu anahitaji mazoezi kiasi gani kabla ya kuitumia usiku peke yake?

Macintosh ya video haimchukui muda anayeijua Macintosh. Mkunjo mkali ni ufundi mpya. Anza na mdoli mpaka ile hatua ya 3 iwe mazoea, kisha wagonjwa wa upasuaji wa kupangwa wenye njia rahisi, mchana, mkufunzi akitazama skrini ile ile na kukuambia "rudisha bledi" kabla hujakwama. Usiifungue kwa mara ya kwanza saa nane za usiku kwa mgonjwa mgumu.